Siku za Ndani: Habari za Arusi na Fungate katika Nchi ya Karagwe

Waulize maharusi wa leo wa Kayanga au Nyaishozi, wa Nkwenda au Kaisho, katika juma la kwanza la ndoa yao, wakati sauti zao bado zimekauka kwa vifijo na mikono ya bibi arusi ingali na nakshi za piko, wakuambie ni saa ipi katika arusi yao wanayoikumbuka kwa furaha kuliko saa zote, nawe aghalabu utasikia habari za mchana mmoja na usiku wake: msafara wa magari na pikipiki uliopiga honi kutoka kanisani hata ukumbini, keki waliyolishana mbele ya halaiki, mshereheshaji aliyewachekesha wazee mpaka wakafuta machozi, na picha, ambazo zilikwisha kuenea katika simu za jamaa kabla wageni hawajamaliza kula. Waulize bibi zao swali lilo hilo, wale walioolewa zamani za majembe na vikapu vya buni, nao watawapita wageni na ngoma kwa maneno mawili matatu, kisha watakaa kitako wakuhadithie siku zilizofuata, siku walizokaa ndani, hawashiki jembe wala mtungi, wakipikiwa na kuletewa. Kwao arusi ilikuwa mlango tu, na chumba chenyewe kilikuwa fungate. Nataka kueleza hapa jinsi chumba hicho kilivyokuwa na jinsi kilivyozidi kufinywa, maana naona kwamba mengi ya historia ya nchi yetu yamepita humo, nayo hayaonekani katika habari za wafalme.

Nchi yenyewe ni ile iliyo magharibi ya Bukoba, nchi ya vilima virefu vya nyasi na mabonde ya migomba, ambayo mto Kagera unaitenga na Rwanda na Uganda. Siku hizi ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, tangu Kyerwa ilipokatwa ikawa wilaya yake mwaka 2012. Lakini katika zamani ninazozisimulia Wanyambo wote wa pande hizo walikuwa chini ya dola moja, ya watawala wa ukoo wa Wahinda, ambao humtaja Ruhinda kuwa mzee wao, na ambao makao yao yaliyosifika zaidi yalikuwa Bweranyange. Atakaye nasaba zao na vita vyao na atafute kitabu cha Israel Katoke kilichotoka mwaka 1975. Mimi leo si mtu wa vita.

Habari ya kwanza ya arusi ya Karagwe kuandikwa na mgeni, kwa kadiri nijuavyo, ni ya Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861 pamoja na mwenzake James Grant, akapokewa kwa ukarimu ambao hakuacha kuusifu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 Speke alieleza kuwa ada kubwa ya arusi hapa ilikuwa kumfunga bibi arusi ndani ya ngozi iliyotiwa weusi, kisha kumchukua mpaka kwa mumewe katika msafara wa makelele. Hayo ni maneno machache, naye akayaacha hapo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamevutwa na jambo jingine lililomfanya asahau mengi: wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata mmoja wao, mke wa kaka yake mfalme, hakuweza kusimama. Mwingine Speke aliomba ruhusa ya kumpima, akampima mkono, kifua na paja kama fundi cherehani apimavyo, na mbele yake ameketi binti wa miaka 16 akinywa maziwa chunguni, baba yake amemsimamia na fimbo mkononi. Ulaya ilicheka sana kwa habari hizo. Lakini Speke, aliyekuwa hodari wa kupima, hakuwa hodari wa kuuliza. Maana kunona kule, katika nyumba za wenye ng'ombe, kulikuwa alama ya mwanamke ambaye hakuwahi kulima wala kubeba mzigo. Starehe ile ambayo mke wa mfalme aliipata umri wake wote, binti wa mkulima aliionja kwa majuma machache ya fungate, basi.

Tuanze na posa. Kijana aliyefikia umri wa kuoa alipewa na baba yake sehemu ya kibanja, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba, akajenga msonge wake wa miti na nyasi, na hapo ndipo wazee walipoanza kupeleka maneno. Jambo la kwanza halikuwa uzuri wala mali, lilikuwa ukoo na muziro wake, kile kiumbe au chakula ambacho ukoo umejiharimishia, kwani wenye muziro mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Likisha hilo, mjumbe alikwenda na kurudi, akapewa maneno matamu na machungu, akanywa pombe nyingi, mpaka mahari ikakubaliwa. Kwa wafugaji ilikuwa ng'ombe. Kwa wakulima ilikuwa mbuzi, na majembe ya chuma, ambayo hayakuwa kitu kidogo katika nchi iliyojulikana kwa wahunzi wake, na ambayo hata hazina ya mfalme ilikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, wageni wa karne ya 19 wakizitazama kwa mshangao. Tena juu ya hayo yote ilitakiwa lubisi.

Naomba msomaji anisamehe nikitua kidogo hapa, maana hapana arusi ya Kinyambo isiyo na lubisi, na walio wengi siku hizi huinywa bila kuiona ikitengenezwa. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa shimoni, zimefunikwa majani ya migomba. Zikisha kuiva huwekwa katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, wanaume wakaingia kwa miguu iliyooshwa, wakazikanyaga pamoja na nyasi kwa mwendo wa pamoja, wakiimba, mpaka nyasi zikashika nyuzi na maji matamu yakajitenga. Maji hayo huchujwa, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi ukafunikwa tena kwa majani, na asubuhi ya pili yake mtu akifunua pembe moja ataona povu la kahawia limepanda hata ukingoni na nyuki wamekwisha kufika kabla ya walioalikwa. Iliyo bora iliwekewa wakwe, katika kibuyu chenye shingo nyembamba kilichozibwa kwa jani. Na kabla ya lubisi mgeni alipewa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa, zikafungwa katika vipande vya majani makavu ya mgomba. Kwa maana kahawa katika mkoa wa Kagera ilitafunwa kwa heshima karne nyingi kabla ya kuuzwa kwa fedha.

Usiku wa kuamkia arusi wanawake walikusanyika kwa akina bibi arusi, wakamwimbia nyimbo za kumwonya na kumliza, naye ilimpasa alie, kwa kuwa binti aliyeondoka na macho makavu alionekana kama amechoshwa na nyumba ya baba yake. Mwenye madaraka yote katika mambo hayo alikuwa shangazi. Yeye ndiye aliyemfunda, yeye ndiye aliyemfunika, kwa ngozi ikiwa ni watu wa ng'ombe, au kwa nguo ya gome la mti ikiwa ni wakulima, na yeye ndiye aliyefuatana naye jioni, jua likikaribia kuzama, katika ule msafara wa makelele ambao Speke aliusikia. Walipofika, bibi arusi hakutembezwa wala kuonyeshwa watu. Alipakatwa mapajani mwa wakwe zake, ada ambayo Wanyambo wanashirikiana na jirani zao Wahaya na Wanyankole, na tangu kupakatwa akawa mtoto wa nyumba. Ngoma ikapigwa nje, na mpiga enanga, ile ala ya nyuzi, akasifu ukoo wa bwana arusi mpaka ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Kisha ikaja fungate. Sakafu ya msonge ilitandikwa nyasi mpya, mahali pa kulala pakatengwa kwa kizuizi, na nyuma ya kizuizi hicho bibi arusi akakaa. Katika nyumba za kawaida alikaa majuma machache, na kwa wenye nafasi miezi. Alikandwa kwa samli ngozi ing'ae, akaletewa ndizi zilizopikwa na maharage, nyama ilipopatikana, na maziwa kama palikuwa na ng'ombe. Walioingia kwake ni wanawake na wasichana, waliokuja kumtazama, kumtania na kumpelelezea habari za mji mpya. Hakuteka maji, hakusenya kuni, hakupalilia. Bibi mmoja wa upande wa Mabira, mjuzi wa kusimulia, nilipomtaka aniambie kilichompendeza zaidi katika siku hizo, sikusikia kwake habari ya mume wala ya zawadi. Alisema ni kule kusikia, alfajiri, wenziwe wakipita njiani kwenda kisimani, mitungi ikigongana, nao wanapiga chafya kwa baridi, naye amejifunika na kujigeuza upande wa pili. Akacheka, akarudia: upande wa pili. Aliyezijua asubuhi za vilima vya Karagwe, zilivyo na ukungu mzito hata jirani haonekani, atafahamu kuwa furaha hiyo haikuwa ndogo, hasa kwa mtu ambaye tangu umri wa miaka saba hajakosa kwenda kisimani, wala hatakosa tena mpaka awe na binti wa kumtuma.

Mwisho wa siku hizo ulikuwa na ada yake. Bibi arusi alitolewa nje mchana, akakabidhiwa jembe, akapelekwa kibanjani akapige ardhi mara chache mbele ya mashahidi. Akapika chungu chake cha kwanza kwa ajili ya wakwe. Na baadaye akaenda kwao kuwasalimu wazazi, akarudi na vikapu na vyombo. Kazi ikaanza.

Nisije nikadhaniwa kuwa napamba zamani. Binti wengi walifikishwa kwenye fungate hiyo bila kuulizwa, na fimbo aliyoiona Speke mkononi mwa baba ilikuwa fimbo kweli. Na mke aliyetaka kuondoka alijua kwamba mahari ingedaiwa irudishwe, ambayo baba yake pengine amekwisha kuitumia kumwozea kijana wake. Siku za raha zilikuwa fupi kwa sababu miaka ya taabu ilikuwa mirefu. Lakini hata hivyo zilikuwako, tena zilikuwa haki yake, na jamii nzima ilizilinda. Mama mkwe aliyemtoa mwali nje kabla ya wakati alisemwa.

Mabadiliko yalianza taratibu. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamefanya kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, na Henry Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Ahmed bin Ibrahim akikaa kwa raha na mashamba yake. Kwa mikono yao ziliingia merikani, kaniki na ushanga, ngozi nyeusi na gome la mti vikaanza kurudi nyuma, na pengine na neno hili la fungate likaja katika mzigo uo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 likaja pigo la sotoka, lililofagia ng'ombe katika nchi zote za maziwa makuu, na mahari ya ng'ombe ikawa jambo la kusimuliwa katika nyumba nyingi zilizokuwa zikiitoa. Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wamekwisha simamisha boma lao Bukoba, mwaka 1890, na baada ya boma ikaja kodi, na baada ya kodi ikaja haja ya fedha, na fedha katika Kagera maana yake ikawa kahawa.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, fungate ilipopata jeraha lake la kwanza. Mgomba hauna haraka, wala muziro hauna tarehe, lakini buni zikiiva haziwezi kumngoja mwali atoke ndani. Zinataka mikono ya kuchuma, ya kuanika na ya kuzilinda na mvua. Arusi zikahamia miezi ya kiangazi, wakati kahawa inapouzwa na vijana wana fedha mfukoni, yaani zikahamia wakati uleule ambao kazi ilikuwa nyingi kuliko nyakati zote. Mahari ikahesabiwa kwa shilingi, nayo ikapanda pamoja na bei ya kahawa. Chama cha ushirika kilipoanzishwa Bukoba mwaka 1950, na bei zikawa nzuri katika miaka iliyofuata, wazazi wa binti hawakukawia kuisikia habari hiyo. Siku za ndani zikapungua.

Jeraha la pili lilitoka kanisani, ingawa kanisa halikukusudia. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Bethel wakafika Bukoba mwaka 1910. Kutoka huko dini ikapanda vilima mpaka Karagwe, ambako aghalabu walioileta walikuwa waalimu Wahaya kuliko wazungu. Ndoa ikatangazwa Jumapili tatu, ikafungwa asubuhi badala ya jioni, pete ikavishwa, na bibi arusi, ambaye zamani alikuja amefunikwa hata uso, akasimama wazi mbele ya watu wote kwa shela jeupe na kujibu kwa kinywa chake mwenyewe kuwa amekubali. Hilo la mwisho nalihesabu kuwa faida isiyo na kifani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilipotaka ridhaa ya wote wawili iliwakuta Wanyambo wengi wamekwisha lizoea. Lakini tangu siku hiyo kitovu cha arusi kilitoka ndani kikaja nje, kikatoka katika majuma kikaja katika saa.

Juu ya miaka ya vita na dhiki sina mengi. Majeshi ya Idi Amin yalipovunja daraja la Kyaka mwezi wa Novemba mwaka 1978, waliokuwa wamepanga arusi walipanga upya. Waliooana katika miaka ya uhaba iliyofuata, ambayo ndani yake kreti ya soda na kilo ya sukari vilitaka kibali, hukumbuka furaha zao kwa vipimo ambavyo vijana hawavielewi: mzee mmoja wa Isingiro husema kuwa saa tukufu ya arusi yake ilikuwa saa ile kaka yake alipotokea njiani na baiskeli iliyofungwa mfuko wa sukari. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huuhuu wa Kagera, na maandalizi ya ndoa yakaongezewa jambo ambalo bibi zetu hawakulijua, kupima damu kabla ya kutangaziwa kanisani.

Na sasa je? Sasa kuna kamati, mwenyekiti na mweka hazina, kadi za michango zinazoanza kugawiwa miezi mitatu kabla, sherehe ya kumuaga binti ambayo kwa gharama hukaribia arusi yenyewe, ukumbi uliopambwa vitambaa vya rangi iliyochaguliwa, na barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene inayoleta mpambaji na mpiga picha kutoka Bukoba asubuhi na kuwarudisha usiku. Lubisi ingaliko, mara nyingi imewekwa mezani mwa wazee kama nishani, ijapokuwa mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 umewafanya wengi wainunue mbali. Bibi na bwana arusi wenye uwezo hulala usiku mmoja au mbili katika hoteli ya ufukweni Bukoba, na wachache hufika Mwanza au Unguja. Lakini mwalimu ana vipindi, muuguzi ana zamu, mwenye duka ana madeni ya arusi, na Jumatatu ya pili huwakuta kazini.

Hivi karibuni nilikaa na maharusi wa Kyerwa, wote wawili watu wa kazi, nikawataka kila mmoja ataje alichokipenda zaidi bila kumsikiliza mwenziwe. Bwana arusi alianza na msafara wa pikipiki, akasita, akaubadili: alisema ni mvua iliyowanyeshea njiani wakitoka Bukoba siku ya tatu, basi dogo likakwama topeni upande wa Nkwenda, wakateremka, wakangoja saa nzima chini ya baraza la duka lililofungwa, bila mtu wa kuwatazama wala kuwapiga picha. Bibi arusi hakutaja ukumbi kabisa. Alisema ni asubuhi moja nyumbani kwa wakwe, mama mkwe alipomnyang'anya ndoo mlangoni na kumwambia arudi alale. Ilikuwa asubuhi moja tu, kwa sababu kesho yake likizo yake ilikwisha. Lakini alipokuwa akiisimulia nikaona kwamba kitu alichokikumbuka, baada ya mamilioni yale kutumika, ni kilekile alichokikumbuka bibi wa Mabira, nacho hakikumgharimu mtu hata senti.

Basi neno langu ni kwa wanakamati, ambao ndio wenye mamlaka ya arusi zama hizi. Mkikaa kugawa michango, mkisha kuhesabu keki na vipaza sauti, tengeni fungu moja kwa ajili ya siku kumi zitakazofuata: mtu wa kuteka maji na kupika, kuni na unga wa kutosha, na ombi la ruhusa kwa waajiri wao lipelekwe mapema, pamoja na kadi. Mkipungukiwa, punguzeni magari.